Siri Bila Faragha: Historia ya Uteuzi wa Simu Sahili katika Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana dogo. Katika teritware ya Fizi na mji wa Baraka, mkoani Kivu ya Kusini, kama ilivyo katika sehemu nyingine za mashariki mwa Kongo, wapo watu ambao wangeweza kununua simu janja lakini wanaendelea kutumia simu sahili yenye vitufe, ile iitwayo kitochi. Wengine wana simu zote mbili: moja hubaki nyumbani, na nyingine ndiyo inayosafiri. Maelezo ya kawaida ni kwamba simu sahili ni ya maskini, ya wazee, au ya wasiojua kusoma. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Yanamwona mtumiaji kama mtu aliyekosa kitu, na hayaulizi kama yuko anayejua anachokikataa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uteuzi wa simu sahili ni sehemu ya mazoea ya zamani kuliko simu yenyewe. Kwa zaidi ya karne moja watu wa ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika wametumia vyombo vya mawasiliano ambavyo mtu wa tatu aliweza kuvifungua, kuvisikiliza au kuvikamata. Kwa hiyo walijifunza kulinda neno bila kukitegemea chombo. Mazoea hayo yanaeleza kwa nini kitochi kinapendwa. Yanaeleza pia kwa nini kinaaminiwa kupita kiasi, maana ulinzi kinaoutoa ni wa aina moja tu, na hatari za leo si za aina moja.

Eneo linalohusika linafahamika. Fizi inaanzia kwenye ziwa na kupanda hadi milima ya Itombwe. Baraka iko ufukoni, kwenye ghuba inayokingwa na rasi ya Ubwari, na ng'ambo yake ni mkoa wa Kigoma nchini Tanzania. Humo wanaishi Wabembe, Wabuyu, Wazoba, Wafuliru, Wanyamulenge na wengineo, na Kiswahili ndicho lugha inayowakutanisha sokoni, shuleni, kanisani na kwenye mitumbwi.

2.0 Istilahi: simu, siri na faragha

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, maneno matatu yanahitaji kupambanuliwa. Neno simu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya. Katika Kiswahili lilianza kutumika kwa ajili ya telegrafu, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado inalipa maana ya telegrafu pamoja na ile ya simu ya kuzungumzia. Aliyepiga simu zamani alimpa karani maneno yake, karani akayasoma, akayahesabu, akayatoza fedha kisha akayatuma. Tangu asili yake, basi, simu ya Waswahili ilikuwa na msikilizaji kati ya mtumaji na mpokeaji.

Siri na faragha yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na mara nyingi hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Hata hivyo tofauti yake ni kubwa. Siri ni jambo lililofichwa: mtu huwa na siri, huitunza, huitoa, huivujisha. Faragha ni hali au mahali: mtu huwa faraghani, hukaa faragha na mwenzake, pasipo mtu wa kuingilia kati. Siri inaweza kuwapo katikati ya umati, iwapo wanaosikia hawaelewi. Faragha haiwezi. Kadhalika, mtu anaweza kuwa faraghani bila kuwa na siri yoyote. Mjadala wa sasa kuhusu simu na data binafsi unahusu zaidi faragha, ilhali historia ya Fizi na Baraka inahusu zaidi siri. Tofauti hiyo ndiyo uti wa makala haya.

Siri ya namna hiyo haikuletwa na wageni. Wabembe walishiriki pamoja na majirani zao Walega katika chama cha bwami, ambacho mafunzo yake yalitolewa kwa ngazi. Vitu vilivyotumika katika mafunzo, kama vile sanamu, magamba na mifupa, viliweza kuonekana kwa macho, lakini maana zake alizijua aliyefundishwa peke yake. Utawala wa Kibelgiji ulikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Kinachohusu makala haya ni kanuni iliyomo humo: kitu kiko wazi, maana yake imefungwa.

3.0 Barua na mtumbwi

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na baadaye mwaka huo wakapanda mitumbwi kuelekea kaskazini hadi Uvira, wakipitia Ubwari. Wakati huo habari za ziwani zilisafiri kwa kinywa cha mpiga kasia na kwa barua za wafanyabiashara. Ubaya wa barua ni kwamba hukaa mikononi mwa mchukuzi kwa miezi mingi. David Livingstone aliligundua hilo mwaka 1869 alipokuwa Ujiji. Barua nyingi alizoandika huko hazikufika pwani, na mwenyewe aliamini kwamba wafanyabiashara hawakutaka habari za biashara ya utumwa zitoke. Mtu hakuhitaji kujua Kiingereza ili kuizuia barua ya Mwingereza. Ilitosha kuwa yeye ndiye aliyeishika.

Karne moja baadaye mtumbwi ulikuwa bado ndio posta ya watu wengi wa Fizi. Laurent-Désiré Kabila alianzisha Chama cha Mapinduzi ya Umma, PRP, mwezi Desemba 1967, na makao yake yakawa katika milima ya Fizi, mahali palipoitwa Hewa Bora. Eneo hilo lilizingirwa na jeshi la Mobutu, na uhusiano wake na nje ulipitia ziwani hadi Kigoma. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 wapiganaji wa chama hicho walivuka ziwa, wakavamia kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni. Baada ya takriban wiki moja mateka mmoja aliachiliwa ili apeleke barua za madai. Mwaka huo telefoni na redio zilikuwapo Kigoma na Dar es Salaam. Hata hivyo jambo zito kama hilo lilikabidhiwa karatasi na mtu wa kuibeba.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwatawanya watu wa Fizi kwa maelfu, na wengi walivuka hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka huo kwa ajili ya wakimbizi wa Kikongo, na Wabembe walikuwa wengi miongoni mwao. Kwa familia zilizotengana namna hiyo kulikuwa na njia mbili za maandishi. Ya kwanza ilikuwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu: fomu isiyofungwa, yenye nafasi ya habari za kifamilia tu, ambayo wahudumu waliisoma kabla ya kuituma. Ya pili ilikuwa barua ya mkono, iliyokunjwa na kukabidhiwa mvuvi au jamaa anayevuka.

Njia ya kwanza ilikuwa salama kwa sababu ilikuwa wazi. Askari aliyeikamata alisoma kwamba mtoto amezaliwa au mama amefariki, na hakupata sababu ya kumdhuru aliyeibeba. Njia ya pili ilibeba mengi zaidi, lakini ilimhatarisha mchukuzi. Aliyekuwa na neno zito mara nyingi hakuliandika kabisa, alimtuma mtu. Kuchagua chombo kulimaanisha kupima mambo mawili: chombo kinabeba kiasi gani, na kikikamatwa kinasema nini.

4.0 Majina ya namba: mwaka 1965

Kipimo hicho kilijitokeza kwa namna ya pekee katika vita vya mwaka 1965. Tarehe 24 Aprili mwaka huo Ernesto Che Guevara na kundi la kwanza la Wakuba walivuka kutoka Kigoma na kutua Kibamba, kwenye ufuko wa Fizi, ili kuwasaidia waasi wa Kongo. Waliacha majina yao na kupewa namba za Kiswahili. Víctor Dreke, aliyetajwa kuwa kiongozi, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Guevara mwenyewe akawa Tatu. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, aliwekwa karibu naye awe mfasiri na mwalimu wake wa Kiswahili.

Kwa mwanaisimu majina hayo yanavutia. Hakuna neno katika Kiswahili linalofahamika zaidi kuliko tatu; hata mtoto wa sokoni hulijua. Ficho halikuwa katika ugumu wa neno. Lilikuwa katika nafasi yake, kwa sababu aliyelisikia alidhani kwamba mtu wa tatu hawezi kuwa mkubwa wa wa kwanza. Siri ilitembea hadharani ikiwa imevaa neno la kila siku.

Siri hiyo ilipovuja, haikuvujishwa na neno. Tarehe 29 Juni 1965 kundi la Wakuba, Warwanda na Wakongo lilishambulia kituo cha umeme cha Bendera, kusini mwa Fizi. Shambulio likashindwa, Wakuba wanne wakauawa, na hati zilizokutwa kwa maiti zikawaonyesha maadui kwamba Wakuba wamo vitani. Majina yaliyobuniwa kwa uangalifu yalibatilishwa na karatasi zilizosahauliwa mfukoni. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo mamluki wa Mike Hoare walitua Baraka na kuuteka mji baada ya mapigano makali. Mwezi Novemba Guevara na wenzake wakarudi Kigoma kwa njia ile ile ya ziwa. Funzo lililobaki kwa yeyote anayesafiri katika eneo la vita ni rahisi kulieleza: cha kuogopwa ni kile kinachokaa mwilini mwako wakati wa kupekuliwa.

5.0 Redio ya foni: mazungumzo ya hadhara

Kati ya barua na simu ya mkononi kulikuwa na chombo kingine ambacho vijana wa leo wanakijua kwa kusimuliwa, yaani redio ya mawasiliano, au foni kama Wakongo walivyoizoea. Serikali ya Zaire haikuendeleza mtandao wa waya hadi vijijini, na ule uliorithiwa kutoka enzi ya ukoloni ulichakaa. Parokia, hospitali, mashirika ya misaada na wafanyabiashara wakategemea foni yenye betri ya gari na waya wa antena uliotandazwa kati ya miti miwili.

Foni ina sheria zake. Huzungumza mmoja kwa wakati mmoja, mwingine akingoja zamu. Kila aliyeko kwenye masafa yale husikia, na hakuna awezaye kujua idadi ya wasikilizaji. Mwendeshaji hukaa pale pale akishika kitufe, na nyuma yake kuna wengine wanaongoja. Mtu aliyetaka kumwarifu ndugu yake juu ya fedha, ugonjwa au safari alilazimika kusema mbele ya umma, na kwa hiyo alisema kwa mafumbo. Fedha ikawa "mzigo", safari ikawa "ile habari uliyoijua". Wengine waliacha Kiswahili, lugha ya wote, wakaingia katika lugha ya nyumbani.

Lugha ya nyumbani nayo haikuwa kufuli kamili. Katika eneo ambalo watu wengi huzungumza lugha zaidi ya moja, daima yupo jirani anayeielewa. Tena katika miaka ya vita, lugha aliyoitumia mtu ilitosha kumtambulisha ukoo wake kabla maneno yake hayajaeleweka, na katika Fizi ya baada ya 1996 utambulisho huo uliweza kuwa hatari kuliko ujumbe wenyewe. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na faida ambayo wanaisimu hawakuitaja mara nyingi: kilikuwa wazi kwa kila mtu, lakini kiliwaficha wasemaji wake ndani ya umati.

6.0 Simu ya mkononi na ujio wa kitochi

Simu ya mkononi ilifika Kongo mapema. Kampuni ya Telecel, ambayo mfanyabiashara Miko Rwayitare alikuwa mmoja wa waasisi wake, ilianzishwa Kinshasa mwaka 1986, wakati nchi nyingi za Afrika hazijafikiria chombo hicho. Simu zake zilikuwa ghali mno, nazo zilikuwa za wakubwa wa serikali na matajiri wa mji mkuu. Kwa mtu wa Baraka hazikuwa na maana yoyote. Mambo yalibadilika baada ya Celtel kuingia mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita. Minara ilifuata miji na barabara, na maeneo ya milimani yalingoja zaidi.

Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu ya 1100, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi zenye joto na vumbi. Kibodi yake ilizuia vumbi, betri ilidumu siku nyingi, na juu yake palikuwa na taa ndogo. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani, na nyingine zisizo na idadi ziliiga umbo lake. Watumiaji wa Kiswahili hawakuiita kwa sauti yake wala kwa jina la kiwanda. Waliiita kitochi, yaani tochi kwa umbo la ngeli ya ki-. Na Wakenya wakabuni mulika mwizi. Majina hayo yanaonyesha thamani ya chombo katika nchi isiyo na umeme: kilipokosa mtandao, bado kilikuwa taa.

Simu janja ilipoenea, ikiitwa mitaani androidi hata kama si ya mfumo huo, kitochi hakikutoweka. Kilipata kazi mpya. Androidi ilibeba picha, sauti zilizorekodiwa, majina ya makundi, mazungumzo ya miezi mingi na nyuso za jamaa. Katika barabara zenye vizuizi vya jeshi na vya makundi yenye silaha, mzigo huo ulikuwa sawa na hati za Bendera. Picha ya sherehe yenye askari nyuma yake, au namba ya mtu wa kabila fulani, iliweza kumgeuza msafiri kuwa mpelelezi machoni pa anayempekua. Kitochi kilibeba namba chache na ujumbe mfupi unaofutika. Tena hakikuwa na thamani ya kutosha kumshawishi mwizi.

Hata hivyo simu sahili nayo ilikuwa na hatari yake. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010, jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa, MONUSCO, liliunda mitandao ya tahadhari ya jamii, ambamo watu wa vijijini walipewa simu ili waite msaada kijiji kinaposhambuliwa. Mpango huo uliwasaidia wengi, lakini ulimweka mwenye simu katika hali ngumu, kwani kila kijiji kilijua simu hiyo ni ya nani na ni ya kumwita nani. Chombo kilikuwa sahili kabisa, na kikawa hatari kwa sababu mwenye nacho alijulikana. MONUSCO ilimaliza shughuli zake Kivu ya Kusini mwezi Juni 2024.

7.0 Dola, laini na kodi ya RAM

Hadi hapa mtu wa tatu alikuwa mchukuzi, msikilizaji wa foni au askari wa barabarani. Simu ya mkononi ilimleta mwingine asiyeonekana, yaani kampuni ya simu pamoja na dola iliyo nyuma yake. Baada ya uchaguzi wa 28 Novemba 2011 serikali iliamuru ujumbe mfupi wa maandishi ukatwe nchini kote, na hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa za Desemba. Mwezi Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi, intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa tena. Baada ya kura ya 30 Desemba 2018 intaneti ilizimwa kwa takriban siku 20. Katika vipindi hivyo androidi ilipoteza sehemu kubwa ya manufaa yake, na sauti ya kawaida, ile inayopita hata katika kitochi, ikabaki kuwa tegemeo.

Mwaka 2020 tofauti kati ya simu hizo mbili iliingizwa katika kodi. Serikali ilianzisha Rejista ya Vifaa vya Mkononi, iliyojulikana kwa kifupi cha RAM, ambayo iliorodhesha namba ya utambulisho ya kila kifaa kwa lengo lililotangazwa la kupambana na simu bandia na za wizi. Kila mwaka mwenye simu ya kizazi cha pili alitozwa dola 1 ya Marekani, na mwenye simu ya kizazi cha tatu au cha nne dola 7, zikikatwa kidogo kidogo kutoka katika salio lake. Malalamiko yalikuwa makubwa nchini kote. Wanaharakati wa LUCHA walikuwa mstari wa mbele, na suala likafika bungeni. Kodi ilifutwa mapema mwaka 2022.

Mjadala wa RAM ulihusu zaidi fedha, na hilo linaeleweka, kwa kuwa dola 7 ni fedha nyingi kwa mkulima wa Fizi. Upande wa pili haukutiliwa mkazo. Rejista iliyojua kila kifaa ilijua pia kitochi, na dola 1 haikununua usiri wowote. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa kwa maisha yake binafsi na kwa siri ya barua na mawasiliano yake. Kanuni ya Dijitali iliyotangazwa tarehe 13 Machi 2023 imeongeza masharti juu ya ulinzi wa data. Masharti hayo yanazilenga kampuni na ofisi. Kwa mtu wa Baraka, uzito wake utapimwa pale atakapoweza kulalamika na kusikilizwa.

8.0 Kitochi kinaficha nini?

Sasa inawezekana kuuliza swali la msingi: mtu anayechagua kitochi kwa ajili ya usalama anapata nini, na hapati nini?

Anachopata ni siri ya mfukoni. Kifaa chenye kumbukumbu ndogo hakiwezi kutoa kisicho nacho. Kikikamatwa, kinaonyesha machache. Kikiibwa, kinapoteza machache. Betri yake hutolewa kwa kidole, na bila betri simu haiwasiliani na mnara wowote. Hakina programu zinazopeleka habari za mwenye simu kwa makampuni ya mbali. Dhidi ya anayepekua kwa mkono, huo ni ulinzi wa kweli.

Asichopata ni faragha ya njiani. Kila simu inayowaka, iwe ya dola 10 au ya dola 1,000, huuarifu mtandao mnara ulioko karibu nayo, na kwa hiyo kampuni hujua iko upande gani. Kumbukumbu za aliyempigia nani, saa ngapi na kwa muda gani hukaa kwa kampuni, wala hazifutiki mtu anapofuta orodha ya simu yake. Ujumbe mfupi husomeka huko unakopitia. Sauti ya kizazi cha pili hulindwa kwa usimbaji dhaifu, ambao udhaifu wake ulionyeshwa hadharani mwishoni mwa mwaka 2009. Tena simu ya kizazi hicho haiwezi kuthibitisha kama mnara unaoiita ni wa kweli au wa kughushi. Kinyume chake, WhatsApp tangu mwaka 2016, na Signal kabla yake, husimba mazungumzo kwa namna ambayo kampuni ya simu haiwezi kuyasoma. Androidi iliyofungwa vizuri ni dhaifu mbele ya askari anayemlazimisha mwenyewe kuifungua, lakini ni imara kuliko kitochi mbele ya anayesikiliza kwa mbali.

Liko pia daftari. Huduma za fedha kwa simu ziliingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 2010, na M-Pesa ya Vodacom ilianza huko mwaka 2012. Mtumiaji wa kitochi hutoa fedha kwa wakala, ambaye huandika namba, jina na kiasi katika daftari lililo wazi mezani. Anayefuata kwenye foleni husoma bila kuhitaji utaalamu wowote. Aliyeihofia androidi kwa sababu ya siri zake huacha siri hizo hizo kwenye karatasi.

Ulinganisho na nchi nyingine unasaidia hapa. Huko Ulaya na Marekani simu sahili imekuwa bidhaa ya hiari: Punkt MP01 ya mwaka 2015, Light Phone ya mwaka 2017, na Nokia 3310 iliyorudishwa sokoni mwaka huo huo. Mnunuzi wake hutafuta utulivu na kukimbia kelele za androidi. Fairphone ya Uholanzi, iliyoanzishwa kama kampuni mwaka 2013, ilijali asili ya madini, na bati lililotumika katika simu yake ya kwanza lilitoka katika mradi wa Kivu ya Kusini, huko Kalehe. Hivyo madini ya mkoa huu yamo katika simu ya mtu anayetafuta dhamiri safi Amsterdam, na katika simu ya mtu anayetafuta kupita kizuizini salama Fizi. Wote wawili wanachagua, lakini hofu zao hazifanani, na chombo kinachomfaa mmoja si lazima kimfae mwingine.

9.0 Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha mfululizo usiokatika. Fomu ya wazi ya Msalaba Mwekundu, jina Tatu, fumbo la foni na kitochi cha msafiri vyote vimetokana na kanuni moja: chombo kisiaminiwe, kipewe kidogo, na lililo zito libaki kwa mtu. Watu wa Fizi na Baraka walioifuata hawakuwa nyuma ya wakati. Walikuwa na ujuzi ambao wataalamu wa usalama wa data wanaufundisha leo kwa maneno mengine, kwamba habari isiyohifadhiwa haiwezi kuibwa.

Kanuni hiyo, hata hivyo, ilizaliwa wakati ambapo mtu wa tatu alikuwa na mikono na masikio, naye alionekana au angalau alikuwa karibu. Msikilizaji wa leo anaweza kuwa rejista, mnara au daftari. Mbele yake, usahili wa kifaa peke yake haulindi. Inambidi mtumiaji aulize kwanza anamhofia nani: anayepekua barabarani, anayesikiliza kwa mbali, au anayetunza orodha. Jibu la swali hilo ndilo linalopaswa kuamua simu, na mara nyingi litakuwa simu moja kwa safari na nyingine kwa mazungumzo.

Suala hili linawahusu wanachuo moja kwa moja. Wanafunzi wanaokwenda Fizi kukusanya simulizi, methali na lahaja hurekodi kwa simu zao, na simulizi za nchi iliyopita vitani zina majina ya watu, ya vijiji na ya waliofanya hili na lile. Mzee anayesimulia mbele ya androidi hatoi tena kwa kinywa kwenda sikio. Anaacha sauti yake katika kifaa kitakachopita vizuizi kadhaa kabla ya kufika chuoni. Mkusanyaji anapaswa kumweleza hivyo kabla ya kuanza, kuacha majina nje ya rekodi, kuandika kwa mkono yale yanayotosha kuandikwa, na kukubali kwamba baadhi ya mambo yatasimuliwa chombo kikiwa kimezimwa, nayo hayataingia katika tasnifu.